Mtu Niliyemfuta Kabla ya Kipaimara

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliyovaa viatu vipya vya kisigino nikaenda kuaibika mbele ya Askofu. Leo nacheka nikiisimulia. Siku yenyewe sikucheka hata kidogo.

Nimeikumbuka wiki hii kwa sababu wewe na wenzako mmechaguliwa kuongoza kanisa letu jipya kule Port Reitz, na Jumapili hii tunakwenda kulifungua. Mimi bibi mzima nimeshindwa kutulia. Gauni langu nimelipiga pasi mara mbili, nikalitoa kwenye hanga nikalipiga tena, mpaka babu yako akaniuliza kama naolewa upya. Nikamwambia amwache mwenzake afurahi. Basi kabla hujakabidhiwa kazi hiyo, keti nikwambie jambo. Ningesema halitachukua muda, lakini unanijua, mimi kufupisha sijui.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, Mtaita niliyekulia Changamwe kwa sababu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Kanisa letu la Magongo lilikuwa la mabati, juu mabati, ubavuni mabati. Ndege ikipita kuelekea uwanjani, Kasisi alikuwa ananyamaza katikati ya mahubiri, anangoja ipite, halafu anaendelea pale pale alipoachia. Wageni walidhani anaomba kimoyomoyo.

Na wageni walikuwa hawaishi! Kila juma ilikuja familia mpya, leo ya Busia, kesho ya Machakos, kesho kutwa ya Murang'a, watu waliokuja kutafuta kazi bandarini na viwandani. Wagiriama na Warabai waliotutangulia katika kanisa lile walisogea kwenye mabenchi, wakasogea tena, mpaka pa kusogea pakaisha. Wengine wakawa wanasali nje madirishani, na jua la Changamwe huhitaji kuelezwa. Tulikuwa na furaha ambayo sijui nikuelezeje. Jumapili asubuhi nilikuwa natoka nyumbani natembea haraka mwishowe najikuta nakimbia, na hakuna aliyenifukuza.

Mimi nilikuwa karani wa kanisa. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na nilijua kuwa nina mwandiko mzuri, hapo ndipo palipokuwa na taabu. Mwaka huo Kasisi alinikabidhi daftari la wanafunzi wa kipaimara. Unajua utaratibu wetu, mtu mzima hata kama amebatizwa hasogei Mezani pa Bwana kushiriki mpaka Askofu amwekee mikono, na kabla ya hapo sharti ahudhurie mafundisho. Askofu naye ana makanisa mengi. Akija kwenu leo hujui atarudi lini. Kwa kuwa walioandikishwa walikuwa zaidi ya sitini, Kasisi akaweka sharti kwamba atakayekosa mafundisho mara tatu aondolewe. Nililipenda sharti lile kuliko Kasisi mwenyewe.

Katika hao sitini alikuwamo mtu mmoja wa Busia, jina lake Wafula, kuli katika yadi ya makontena. Alikuwa na mabega mapana na sauti ndogo. Mkewe, Nekesa, alikuwa amekwisha kupata kipaimara huko kwao. Kwa hiyo kila siku ya ushirika Nekesa aliinuka kwenda madhabahuni, na Wafula akabaki kwenye benchi na mtoto mapajani, anatazama sakafu. Siku moja yule mtoto akauliza kwa sauti, kanisa zima likasikia: "Baba, kwani wewe hupendwi?" Watu wakacheka, na Wafula akacheka pamoja nao. Jumamosi iliyofuata alikuja kwangu akaomba nimwandike.

Nikamwandika. Mafundisho yalikuwa Jumamosi alasiri, na kazi yangu ilikuwa kuita majina baada ya sala ya kufungulia. Wafula alikuja mara ya kwanza, akaja ya pili, ya tatu akakosa. Siku nyingine aliingia amechelewa, nyusi zimejaa vumbi la saruji, akakaa nyuma kabisa akaegemea nguzo, na haikuchukua muda akasinzia. Kwangu mimi mtu aliyeingia baada ya majina kuitwa alikuwa hakuja. Nikampigia alama. Ilipotimia alama ya tatu nikachukua rula na kalamu nyekundu nikapiga mstari juu ya jina lake. Mstari ulinyooka vizuri mno, nikautazama kwa kuridhika.

Yeye mwenyewe sikumwambia. Kwa kuwa tangu hapo kila mara alifika majina yameshaitwa, hakujua kama lake haliitwi tena. Nilijiambia kwamba mtu mzima mwenye haja na kitu chake atauliza mwenyewe. Ndivyo nilivyokuwa najiona mwerevu.

Ikafika Jumapili ya Askofu. Mwanangu, Magongo ilichangamka! Kina mama waliwasili alfajiri na vitambaa vya madhabahu vimepigwa wanga vikakakamaa. Jirani yetu Bi Zuhura, Mwislamu ambaye ua wake umepakana na kanisa, alitukopesha masufuria mawili makubwa ya pilau, kisha akaja mwenyewe kuyasimamia. Alisema hawezi kuwaachia watu wa bara masufuria yake, maana wao pilau huichemsha kama maharage. Tukamwachia mwiko, tungefanyaje?

Mimi nikasimama mlangoni na viatu vyangu vipya, na sinia la kadi. Kila mwanafunzi nilikuwa nimemwandikia kadi yenye jina lake ya kubandika kifuani, ili Askofu alisome akimwekea mikono. Walikuja wamevaa nyeupe, nikawabandika mmoja mmoja, nikiwarekebisha na kola kama vile mimi ndiye niliyewazaa.

Wafula akafika. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingeweza kukata mkate. Nyuma yake alikuwa Nekesa na mtoto, na bibi mmoja mzee mwenye kitambaa kichwani, amekumbatia kuku aliyefungwa miguu. Alikuwa mama yake Wafula. Ametoka Busia kwa basi, nchi yote hiyo, kuja kumwona mwanawe akiwekewa mikono, na kuku ni zawadi ya Askofu.

"Hujambo, dada," Wafula akasema. "Nimekuja kuchukua kadi yangu."

"Jina lako halimo."

Akainama kidogo kutazama sinia. "Pengine liko huko chini."

"Halimo, kaka. Ulikosa mara tatu, na sharti ulilisikia."

Nilingoja anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa, daftari nimelibana kwapani na ukurasa naujua. Hakugomba. Alisema tu, "Sawa, dada," akatoka kwenye mstari ili walio nyuma yake wapite.

Mama yake hakuwa na Kiswahili kingi. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akatazama zile kadi. Halafu akaniuliza taratibu, kwa heshima, jinsi mtu anavyomuuliza mkubwa wa ofisi:

"Amefanya nini? Ameiba?"

Mwanangu, katika umri huu nimekwisha kuambiwa mengi, mengine ya matusi kabisa, lakini hakuna neno lililoniingia kama lile. Na bado sikumjibu. Ndani walikuwa wameanza wimbo wa maandamano, nikalifanya hilo kuwa kisingizio, nikaingia nikamwacha bibi wa watu pale mlangoni na kuku wake.

Aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi wale ni Mwalimu Karisa, katekista wetu, mzee wa Rabai mwembamba ambaye macho yake hayakuweza tena kusoma daftari. Majina alikuwa nayo kichwani. Nilimwona akipita kando ya mabenchi ya mbele anawagusa wanafunzi wake mabegani, mmoja mmoja, huku midomo ikimcheza. Akafika mwisho, akarudia tangu mwanzo. Halafu akanitafuta kwa macho na kuniashiria nimfuate kwenye mlango wa pembeni.

"Abee, Mwalimu."

"Wafula yu wapi?"

"Nimemtoa. Alikosa mara tatu."

"Siku hizo alizokosa, alikuwa wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Hujui." Alilirudia bila kupandisha sauti, na ingekuwa heri angenifokea. "Mimi najua. Alipangiwa zamu ya Jumamosi. Kibarua akiikataa zamu, siku ya pili akifika langoni anakuta nafasi yake kapewa mwenzake. Basi nikawa namfuata mimi. Kila Ijumaa adhuhuri nakwenda pale kwenye lango la yadi, yeye anakula, mimi namsomesha. Yeye na wenzake wanne. Ungeniuliza, mwanangu. Ungemuuliza yeye, kinywa anacho."

Nikasema nitamwomba radhi baada ya ibada.

"Baada ya ibada Askofu yumo garini anakwenda zake. Umemtoa wewe, basi umlete wewe. Mimi miguu hii haikimbii tena."

Nikageuka kutazama ndani. Askofu alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake mbele, na wanafunzi wanapiga magoti wawili wawili. Mstari ulikuwa unakwenda mbio kuliko nilivyodhani.

Nikatoka. Visigino vikazama mchangani, nikavivua nikavishika mkononi, nikakimbia pekupeku na gauni langu la Jumapili. Nje ya dirisha niliwakuta Nekesa na mama mkwe wake wamekaa, hawakukubali kwenda nyumbani. Nekesa alinielekeza kwa kidevu, huko nyuma ya kanisa.

Wafula alikuwa jikoni. Ametundika shati lake jeupe kwenye ua wa Bi Zuhura lisije likashika masizi, na yeye na fulana yake anasaidia kuliteleka sufuria lile kubwa la pilau. Mtu umemtoa kwenye mstari mbele ya mama yake, na yeye amekwenda kukubebea chakula cha sherehe yako.

"Kaka Wafula, njoo. Nimekosa mimi. Njoo upesi, Askofu bado yupo."

Akajifuta mikono. "Lakini jina halimo, dada. Nikija hivi hivi si nitakuaibisha mbele ya Askofu?"

Yaani alikuwa ananihurumia mimi! Aliyenisaidia ni Bi Zuhura, aliyetuelekezea mwiko sote wawili.

"Wee! Mtu aitwa na Mola wake, naye asimama kushika sufuria? Pilau yangu haina miguu, haiendi mahali. Vaa shati, mwanangu, vaa! Na wewe msichana umezubaa nini, mshikie hiyo mikono!"

Akamfuta uso kwa pindo la kanga yake, mimi nikamvisha mkono mmoja, yeye akajivisha wa pili, akafunga vifungo huku tunakimbia. Tulipofika mlangoni nikaona Askofu anainuka. Mwanafunzi wa mwisho amekwisha kurudi kwenye benchi. Kasisi alikuwa amefungua kinywa kutangaza wimbo, na akishatangaza, kanisa lile likianza kuimba, nani angetusikia?

Hapo ndege ikapita. Mwanangu, ilipita chini, mabati yakatetema, na Kasisi kwa mazoea yake akanyamaza akangoja. Mimi sikungoja. Nilimshika Wafula mkono tukakata kanisa lote katikati, watu wanatugeukia kila upande, na ndege iliponyamaza tulikuwa tumesimama mbele ya Askofu, mimi viatu mkononi, yeye vifungo vya shati vimepishana, upande mmoja juu na mwingine chini.

Kasisi alinikazia macho. Sikuthubutu kumtazama.

"Baba Askofu," nikasema, "bado mmoja. Jina lake nililifuta mimi, na sikumuuliza kitu. Kosa ni langu, si lake."

Askofu aliitazama miguu yangu kwanza, halafu vifungo vya Wafula, na nadhani alijizuia kucheka.

"Nani amemfundisha?"

"Mimi, Baba," Mwalimu Karisa akajibu kutoka pembeni. "Nimemfundishia langoni kwao kazini. Muulize utakalo."

Askofu akamuuliza moja tu. "Kwa nini unataka kuja Mezani?"

Wafula, na ile sauti yake ndogo, akasema, "Nimechoka kubaki nyuma, Baba. Mke wangu anakwenda peke yake."

Askofu akarudi kuketi. Wafula akapiga magoti, na kwa kuwa hakuwa na kadi, Askofu akainama akamuuliza jina lake, akalitaja kwa sauti hata wa nje wakalisikia. Najua walilisikia, maana dirishani palilipuka kigelegele cha bibi wa Busia, kuku naye akapiga kelele, na kabla Kasisi hajatangaza wimbo wowote watu walikuwa wameshaanza kuimba na kupiga makofi. Nililia, nikajifuta machozi kwa mkono ulioshika viatu. Siku ile Wafula na Nekesa walipiga magoti madhabahuni bega kwa bega, na Wafula akakipokea kikombe kwa mikono yote miwili.

Baada ya ibada nilimfuata mama yake, nikapiga magoti. "Shikamoo, mama. Mwanao hakuiba. Aliyekosea ni mimi." Sijui alielewa maneno mangapi. Alinishika kidevu akanitazama, akasema, "Kula, mwanangu," akanisukumia sahani yake ya pilau. Nikala, mwanangu. Nilikula nikilia, na Bi Zuhura kwa mbali akadhani pilau imenikolea pilipili.

Nilidhani mambo yamekwisha. Wafula akaja akachuchumaa karibu yangu na sahani yake. Hakuwa anatania, aliuliza kwa moyo mweupe kabisa:

"Dada, wale wenzangu wanne wa yadini. Waje siku gani ili wasifutwe?"

Ijumaa ile nikafuatana na Mwalimu Karisa hadi kwenye lango. King'ora kililia, wanaume wakatoka na vumbi lao, wakakaa kwenye kivuli cha kontena na mihogo yao kwenye karatasi, na mzee wangu akakaa katikati yao akaanza kufundisha. Walikuwa na muda mfupi sana. Mmoja alikuwa anatafuna huku akiikariri Kanuni ya Imani, na hakukosea neno. Nilikuwa nimekaa na daftari miezi yote ile, na watu hawa sikujua kama wapo.

Nikamweleza Kasisi, naye, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mgumu. Alianzisha ibada ya Jumapili saa kumi na moja jioni kwa watu wa zamu. Wale wanne walikuja, wakaleta wenzao, wenzao wakaleta wake zao, na haukupita mwaka mabenchi ya jioni yakawa yanajaa kama ya asubuhi. Wengi wao walikuwa wanakaa Port Reitz. Wakaanza kukutana huko huko kusali, kwa mmoja wao sebuleni, baadaye wakahamia kwenye kibanda cha makuti. Hao ndio watu wako, mwanangu. Kanisa mnalokwenda kulifungua Jumapili limeanzia kwa watu waliokuwa wakila mihogo langoni, ambao mimi nilikuwa nawahesabu kuwa hawakuja.

Sasa nisikilize. Siku hizi hamtumii rula. Mna simu, na mtu mnamwondoa kwenye kundi kwa kidole kimoja, hata hamwoni uso wake. Nimekuona wewe mwenyewe juzi ukilalamika kwamba fulani wa kwaya haji mazoezini na kwamba utamtoa. Kabla hujamtoa, nenda kwake. Usimtumie ujumbe, nenda na miguu yako, ukae, unywe chai yake, umuulize. Huenda ukakuta ni mvivu kweli, wavivu wapo na mimi nawajua kwa majina. Lakini huenda ukakuta analea mgonjwa, au amebadilishiwa zamu, au ameona haya kwa jambo dogo tu ambalo wewe ungelimaliza kwa neno moja. Lile sharti la mara tatu hatukulifuta kule Magongo. Lipo hadi leo, ila siku hizi zikitimia mara tatu ni sisi tunaokwenda kwake.

Na siku utakayomkosea mtu, maana utamkosea, usimwombe radhi kichochoroni ilhali ulimwaibisha hadharani. Rudi pale pale, mbele ya wale wale, useme kosa ni langu. Utatetemeka. Mimi nilitetemeka, na sikufa.

Haya, nenda ukafanye kazi. Mungu aliyempa Mwalimu Karisa miguu ya kwenda langoni kila Ijumaa akupe na wewe moyo ule. Akulinde na kiburi cha kazi njema, maana ndicho kilichonishika mimi. Awalete watu kwenu kutoka kila zamu na kila kabila, wajae hadi wewe kiongozi ukose pa kukaa. Na Jumapili ya kwanza utakapokosa pa kukaa, simama huko nje juani, mwanangu, ufurahi. Amina.